Bao, Safari na Istilahi: Historia Fupi ya Maneno ya Michezo Yetu

1. Utangulizi

Katika kazi ya kuunda istilahi, sisi tunaoshughulika na lugha tumezoea kuanza na mambo mazito: sheria, uchumi, utabibu, kilimo, utawala. Michezo huachwa nyuma, kana kwamba mtu mzima hana haja ya kujua mchezo unaitwaje, au mtoto anaweza kujitafutia maneno yake mwenyewe. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba jambo hilo ni kosa. Maneno ya michezo ni miongoni mwa maneno yanayodumu sana katika lugha, nayo hutoka mchezoni yakaingia sokoni, ofisini na katika siasa. Anayeyapuuza leo atayatafuta kesho asiyapate.

Sababu iliyotufanya tuandike ni jambo dogo tulilolishuhudia Kibakwe, tarafa iliyo kusini ya mji wa Mpwapwa, Mkoa wa Dodoma. Chini ya mti, karibu na maduka, kijana mmoja alikuwa na simu ambamo mlikuwa na mchezo wa bao uliotiwa katika programu. Maelezo yake yote yalikuwa kwa Kiingereza. Kando yake aliketi mzee aliyekuwa akitazama. Kijana akasema, "Babu, tazama, nimesogea." Mzee akamjibu, "Mjukuu wangu, katika bao hakuna kusogea. Ama umekula, ama umetakata. Hebu sema: umefanya lipi?" Kijana akanyamaza. Hakuwa amekosa akili ya mchezo, maana alikuwa akiishinda mashine. Alichokosa ni maneno.

Tulipokuwa tukirudi tulijiuliza swali ambalo ndilo kiini cha makala hii. Siku hizi wako watengenezaji wa michezo ya kompyuta wanaochukua mchezo wa kale wa ubao na kuuchanganya na hadithi ya safari na mikasa. Ikiwa kesho mfasiri ataletewa mchezo wa namna hiyo ili autie katika Kiswahili, atachukua wapi maneno yake? Jibu letu ni kwamba sehemu kubwa ya maneno hayo ipo tayari, na historia yake yafaa ijulikane.

2. Msamiati wa bao

Neno bao latokana na ubao, nalo lataja ule ubao wenyewe wenye mashimo. Mchezo huu una ndugu wengi barani Afrika: Wasukuma wana isolo, Waganda wana omweso, Wanyarwanda wana igisoro, na Malawi watu hucheza bawo. Lakini bao la Kiswahili lina sheria zake, nalo huhesabiwa na wachunguzi kuwa miongoni mwa michezo migumu kupita yote ya jamii yake. Ubao una mashimo 32 katika safu nne, na kila mchezaji humiliki safu mbili, ya mbele na ya nyuma. Kete ni 64, na kila mmoja ana 32. Pwani, kete hizo aghalabu ni komwe, yaani mbegu za mkomwe. Bara watu hutumia mbegu nyingine au vijiwe, na pasipokuwa na ubao huchimba mashimo ardhini. Mchezo ni ule ule.

Mchezo una hatua mbili. Ya kwanza ni namua. Hapo kila mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni: sita katika nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata kuliani. Kete 22 zilizobaki hushikwa mkononi na kuingizwa moja moja, kila zamu kete moja. Zikiisha, hatua ya pili huanza, nayo huitwa mtaji. Kunamua, katika matumizi ya kawaida, ni kukitoa kitu kilichonasa. Mtaji, kila mfanyabiashara aujua. Hivyo mchezaji hunamua kwanza, na baadaye huishi kwa mtaji wake. Mfuatano huo una mantiki ya maisha yenyewe.

Tutazame sasa maneno mengine. Kete za mwisho zikiangukia shimo la safu ya mbele lenye kete, na shimo la mpinzani linaloelekeana nalo lina kete, mchezaji anakula. Asipoweza kula, basi anatakata, na wengine husema anatakasa: anazungusha kete zake mwenyewe bila kupata kitu. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, mchezaji amelala, na zamu inahamia kwa mwenzake. Mashimo ya mwisho ya safu ya mbele huitwa kichwa, na hapo ndipo kete zilizoliwa huanza kusambazwa. Kichwa pamoja na shimo lililo jirani yake huitwa kimbi. Shimo kubwa, ambalo mara nyingi huchongwa la mraba, ndilo nyumba. Katika hatua ya namua, mchezaji anayekula na kufika nyumbani kwake ana uchaguzi: ama apumzike hapo na kuihifadhi nyumba, ama aivunje na kuendelea. Akiendelea, husemwa anasafiri.

Anayemaliza kete zote za safu ya mbele ya mwenzake ameshinda. Akishinda kabla kete za mkononi hazijaisha, ushindi huo huitwa mkononi, nao ni aibu kubwa kwa aliyeshindwa.

Msomaji na ayatazame maneno haya kwa pamoja: kula, kulala, nyumba, kusafiri, mtaji, mkono, kichwa. Hakuna hata moja lililotungwa na kamati. Yote yametolewa katika maisha ya kila siku ya mtu anayeondoka kwake, anayetafuta riziki njiani, anayelala palipo patupu, na anayerudi nyumbani kama bado ipo. Tunathubutu kusema kwamba bao, kwa upande wa msamiati wake, ni hadithi ya safari iliyowekwa juu ya ubao. Wanaodhani kwamba kuchanganya mchezo wa ubao na mikasa ya safari ni uvumbuzi wa juzi na wayafikirie maneno haya.

Wala si sisi wa kwanza kuliona jambo hilo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, malenga aliyeishi hadi karibu na mwaka 1840, alitunga shairi liitwalo Bao Naligwa, ambalo mchezo wa bao ndani yake unasimama badala ya ushindani wa siasa na vita vya zama zake. Kama wasikilizaji wake wasingalikuwa wanaujua msamiati wa bao kwa undani, fumbo hilo lisingalifumbuka. Twapata hapa ushahidi kwamba istilahi hizi zilikwisha kukomaa pwani karibu miaka mia mbili iliyopita.

3. Njia ya misafara na maneno yake

Kibakwe hakiko mbali na mojawapo ya njia kuu za historia yetu. Mpwapwa kilikuwa kituo mashuhuri cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji katika karne ya 19. Hapo msafara ulipumzika, ukajaza maji na vyakula, maana mbele yake lilikuwako pori kavu lililojulikana kwa jina la Marenga Mkali, na baada ya pori hilo nchi ya Ugogo. Wasafiri wa Kizungu waliopita huko, akina Burton mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871, waliandika kwa kirefu juu ya kiu ya pori lile na juu ya hongo waliyodaiwa na watemi wa Ugogo.

Hatudai kwamba maneno ya bao yalizaliwa na misafara, kwani bao ni la kale kuliko misafara ya pembe za ndovu. Tunachosema ni kwamba Kiswahili kilipopanda bara kwa miguu kilibeba msamiati mzima wa safari, na msamiati huo umepatwa na mabadiliko ambayo kila mtumishi wa serikali angefaa kuyajua.

Mfano wa kwanza ni hongo. Katika zama za misafara, hongo ilikuwa ada ya njia, iliyotolewa hadharani kwa mwenye nchi ili msafara upite na kupata maji. Ilijadiliwa, ilihesabiwa kwa doti za nguo na shanga, na baada ya kulipwa ngoma ilipigwa ili watu wajue. Leo hongo ni rushwa, jambo la gizani na kosa la jinai. Neno ni lile lile, lakini heshima yake imekufa.

Mfano wa pili ni posho. Hiyo ilikuwa chakula cha mpagazi, kipimo cha nafaka cha kumfikisha kituo cha pili. Siku hizi posho ni fedha ya kikao na ya safari ya kikazi, na wasomaji wetu walio maofisini hawahitaji kuelezwa zaidi.

Mfano wa tatu ni kirangozi, yaani kiongozi aliyetangulia mbele ya msafara na kuijua njia. Neno hili halikubadilika maana, bali limesahaulika tu. Limebaki katika kamusi na katika vitabu vya historia, kama chombo kizuri kilichowekwa darini.

Tumeyataja maneno haya matatu kwa sababu yanatuonyesha njia tatu za neno: kuharibika, kuhama, na kulala. Neno lililolala ndilo lililo rahisi kuliamsha, mradi ajitokeze mtu mwenye haja nalo.

4. Karata, sataranji na drafti

Bao ni mchezo ambao maneno yake karibu yote yametoka ndani. Lakini Kiswahili kimepokea michezo mingine pamoja na maneno yake, na hapo pia pana mafunzo.

Karata zilikuja na Wareno, waliofika pwani yetu mwaka 1498 na kupoteza Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698. Utawala wao ulikwisha, lakini maneno ya karata yalibaki: karata yenyewe, kopa, shupaza, uru, pau na turufu. Wazee wetu waliyavisha maneno hayo sauti za Kiswahili, wakaweka irabu mwishoni, na mambo yakaisha. Ila picha za karata hawakuzikopea majina. Waliziita mzungu wa pili, mzungu wa tatu na mzungu wa nne, na humo mna kicheko ambacho bado chasikika. Leo mwandishi wa gazeti anaposema kwamba mwanasiasa fulani ametoa karata yake ya turufu, anatumia neno lililodumu miaka mia tatu baada ya wenyewe kuondoka.

Sataranji ina safari ndefu zaidi. Mchezo huo ulianza Bara Hindi kwa jina la chaturanga, maana yake viungo vinne, yaani sehemu nne za jeshi: tembo, farasi, magari ya vita na askari wa miguu. Waajemi waliupokea, Waarabu wakauita shatranji, na kwa njia ya bahari jina hilo likatufikia. Wazungu walipoupata, tembo akageuka kuwa askofu kwa Waingereza na kuwa mwendawazimu kwa Wafaransa. Mfasiri asiyeijua historia hiyo huandika askofu bila kufikiri, ingawa mchezo huo ulikuwa na tembo kwa karne nyingi, mnyama ambaye sisi tunamfahamu vizuri kuliko Waingereza.

Drafti, ambayo wengine waliijua kwa jina la dama, ndiyo inayochezwa sana mabarazani leo, mara nyingi kwa vizibo vya soda. Hapo mkopo wa Kiingereza umeingia bila kizuizi, hata kete iliyofika mwisho wa ubao huitwa kingi. Hatulalamiki. Mchezaji aliyefikisha kete yake kingi anaelewa vizuri hali yake, na mpinzani wake anaelewa vizuri zaidi.

Fundisho la sehemu hii ni kwamba kukopa si dhambi na kuunda si ushujaa. Neno la karata lilikopwa likakaa, neno la bao lilizaliwa nyumbani likakaa. Yote mawili yalikaa kwa sababu wachezaji waliyahitaji na wakayatumia kwa sauti, mbele ya watu, kila siku.

5. Kuingia kwa kompyuta

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, na kuanzia miaka ya 1970 orodha za tafsiri sanifu zikaanza kutolewa. Kipindi hicho ndicho mashine mpya zilipoanza kuhitaji majina. Kompyuta iliwahi kupendekezewa jina la ngamizi. Wananchi hawakulipenda, na si ajabu: sikio la Mswahili lilisikia ndani yake kuangamiza, na hakuna mtu anayetaka kununua kitu cha kumwangamiza. Baadaye likaja tarakilishi, lililounganisha tarakimu na akili. Limepata wapenzi, hasa Kenya, lakini hapa Tanzania kompyuta ndilo lililoshinda.

Hata hivyo hatukushindwa kila mahali. Kupakua na kupakia ni maneno ya mpagazi na ya baharia, na kupakua ni neno la jikoni pia. Yalipopewa kazi mpya katika kompyuta na simu, watu waliyapokea bila kusukumwa. Kubofya kumekaa. Barua pepe imekaa. Mtandao umekaa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kutoa programu za ofisi zilizotiwa katika Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice, na kazi hiyo ilionyesha kwamba maneno mengi yaliyohitajika yangeweza kupatikana ikiwa wafasiri wataketi na kuyatafuta.

Yatazameni maneno yaliyokaa: kupakua, kupakia, kubofya, mtandao. Karibu yote yalikuwa na kazi nyingine kabla ya kuajiriwa tena. Ngamizi lilikuwa neno lisilokuwa na kwao. Kwa maoni yetu tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti baina ya neno la kukopwa na neno la kuundwa.

6. Ubao na safari katika mashine

Tuje sasa kwenye mchezo wenyewe. Michezo ya kompyuta ilianza kuenea duniani katika miaka ya 1970. Pong ya mwaka 1972 ilikuwa mpira wa meza tu, wenye mistari miwili na nukta. Lakini mwaka 1976 Mmarekani Will Crowther, aliyekuwa mtengenezaji wa programu na mpenda mapango, aliandika mchezo uliokuwa na maneno matupu bila picha: mchezaji alielezwa mahali alipo pangoni, naye aliandika anachotaka kufanya. Mwaka uliofuata Don Woods akauongeza. Mchezo huo uliitwa Adventure, na jina lake likawa jina la aina nzima ya michezo ambamo mchezaji husafiri, hutafuta, hupotea na kuokoka.

Punde si punde mikondo hiyo miwili, ubao na safari, ikaanza kukutana. Mwaka 1983 ulitoka Archon, mchezo wenye ubao unaofanana na wa sataranji, lakini kete mbili zikikutana katika mraba mmoja hazilani kwa amri ya sheria, bali hupigana mpaka moja ife. Mwaka 1988 ulitoka Battle Chess, ambamo vipande vya sataranji vilitembea na kupigana mbele ya macho ya mchezaji. Katika miaka ya karibuni mkondo huo umeshikwa na vikundi vidogo vya watengenezaji wasiokuwa chini ya makampuni makubwa. Mfano mmoja ni Shotgun King wa mwaka 2022, ambamo mfalme mweusi aliyeachwa na jeshi lake lote anabaki peke yake na bunduki, akipambana na jeshi jeupe kutoka ubao mmoja hadi mwingine. Sheria za sataranji zipo, lakini zimegeuzwa kuwa hadithi ya mtu aliyebaki peke yake.

Afrika Mashariki nayo haikukaa kando. Mwaka 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, mchezo wa msichana anayetafuta vitu vya kale vya Kiafrika, nao huhesabiwa miongoni mwa michezo ya kwanza ya aina hiyo iliyotengenezwa katika eneo letu. Bao lenyewe limeingia katika mashine kwa njia ya wanazuoni kwanza. Alexander de Voogt aliandika tasnifu juu ya mabingwa wa bao wa Zanzibar mwaka 1995, na mwaka 2002 Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk wa Maastricht, Uholanzi, walitoa makala juu ya namna ya kuifundisha kompyuta kucheza bao.

Hapo pana jambo la kutufikirisha. Wageni hao walipoandika kwa Kiingereza juu ya bao hawakuyatafsiri maneno yetu. Waliandika namua, mtaji, nyumba, kichwa, kimbi, takasa, kwa kuwa waliona kwamba lugha yao haina maneno yaliyo sawa na hayo. Basi yule kijana wa Kibakwe anasoma katika simu yake maelezo ya Kiingereza ya mchezo wa babu yake na kuyafasiri kuwa kusogea, hali mtaalamu wa Maastricht anaandika takasa. Neno limesafiri hadi Uholanzi, na nyumbani limelala.

7. Mapendekezo

Tukiyaweka pamoja tuliyoyaona, tunapendekeza mambo haya kwa wafasiri na walimu.

Kwanza, mchezo wowote wa ubao unapofasiriwa, kipande cha kuchezea kiitwe kete. Tunajua kwamba neno hili limepata jina baya, kwa kuwa vyombo vya habari hulitumia kwa kifurushi kidogo cha dawa za kulevya. Hiyo ni sababu ya kulitumia zaidi mahali pake pa haki, wala si sababu ya kuliacha. Tukiliacha, litabakia na maana moja tu, tena iliyo mbaya.

Pili, aina ya michezo iliyotokana na Adventure iitwe mchezo wa safari. Wako wanaopendelea jasura, na neno hilo ni zuri katika fasihi. Lakini mchezaji mwenyewe hajioni kuwa ana ujasiri. Anajiona yuko njiani. Na mchezo unaochanganya mambo mawili tuliyoyaeleza uitwe bao la safari ikiwa msingi wake ni bao, au sataranji ya safari ikiwa msingi wake ni sataranji.

Tatu, msamiati wa misafara uamshwe. Sehemu za mchezo ambazo mchezaji huzipita moja baada ya nyingine zaitwa hatua, na neno hilo lafaa. Lakini mahali ambapo mchezo unahifadhiwa ili mtu apumzike pangefaa kuitwa kituo. Yule mhusika anayemwonyesha mchezaji mgeni njia na desturi za mchezo, aitwe kirangozi. Chakula na nguvu ambazo mchezaji hubeba zingeweza kuitwa posho, na ada inayotozwa ili kupita lango ingeweza kuitwa hongo, kwa maana yake ya kale. Mwalimu wa historia atakayeyakuta maneno hayo midomoni mwa wanafunzi wake atakuwa amepunguziwa nusu ya kazi.

Nne, vikundi vidogo vya watengenezaji visiitwe huru tu, maana huru ni neno pana mno. Tuna neno lililokwisha kufanya kazi kubwa katika taifa hili tangu mwaka 1967, nalo ni kujitegemea. Mtengenezaji wa kujitegemea ni mtu anayefanya kazi kwa uwezo wake, kwa wakati wake, na kwa gharama yake. Hatuoni neno litakaloeleza jambo hilo vizuri kuliko hili.

Tano, na hili ndilo kubwa kuliko yote, vitenzi visilinganishwe ovyo. Kiingereza hutosheka na kusema mchezaji amesogeza kete. Kiswahili cha bao chadai tujue kama amekula au ametakata, kama amelala au amesafiri. Mfasiri akitumia kitenzi kimoja kwa mambo manne, atakuwa hakufasiri mchezo, atakuwa ameufifisha.

Yamkini msomaji atauliza: je, vijana watayakubali maneno haya? Jibu ni kwamba hatuwezi kuwalazimisha, kama vile hatukuweza kuwalazimisha watu kuipokea ngamizi. Lakini simu za mkono zilipoanza kuenea nchini, zikiwa na ule mchezo ambao Nokia iliuweka katika simu zake tangu mwaka 1997, hakuna kamati iliyokaa kuupa jina. Watu waliuita mchezo wa nyoka, na jina likakaa. Wananchi hawachukii maneno ya kwao. Wanachochukia ni neno linalowajia kama amri, bila sura wanayoitambua.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba maneno ya michezo hudumu kupita tawala; kwamba msamiati wa bao umejengwa kwa maneno ya mtu aliye safarini; kwamba njia iliyopita Mpwapwa imetuachia maneno ambayo mengine yameharibika na mengine yamelala; na kwamba neno linaloajiriwa upya kutoka katika maisha lina bahati kubwa ya kukaa kuliko neno linalozushwa.

Kabla ya kuondoka Kibakwe tulipita tena chini ya ule mti. Simu ilikuwa imewekwa kando kwa kuwa chaji yake ilikuwa imekwisha. Mashimo yalikuwa yamechimbwa ardhini, safu nne za mashimo manane, na kijana alikuwa amechutama upande mmoja na mzee upande wa pili. Kijana alikula, akasambaza kete, na kete yake ya mwisho ikaangukia nyumbani. Akasita. Mzee hakumwambia la kufanya. Alimwuliza tu, "Unalala, mjukuu wangu, au unasafiri?"

Kijana alifikiri kwa muda mrefu, kisha akazikusanya kete za nyumba zote mkononi. "Nasafiri, babu," akasema.